Nondo ziuzwe kwa kilo, na mbao zitajwe zilivyo

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI wa kurasa za soko amekwisha kuizoea orodha ya kila wiki: mchele, maharage, mafuta ya kula, asali, halafu chini kabisa vifaa vya ujenzi. Nondo milimita 12, kipande kimoja. Mbao mbili kwa nne, futi kumi na mbili. Tofali la kuchoma, kwa moja. Bei hizo hupanda na kushuka, na mwananchi anayejenga Ipuli, Cheyo au Ng'ambo huzilinganisha na mfuko wake kabla hajamwita fundi.

Orodha hiyo ina kasoro kubwa. Mchele hutajwa kwa daraja, na asali mnunuzi huionja. Lakini nondo huandikwa kana kwamba nondo zote za milimita 12 ni watoto wa baba mmoja, na mbao kana kwamba kila msumeno hukata sawa. Anayejenga hanunui chuma kwa ajili ya chuma, wala mti kwa ajili ya mti. Ananunua uwezo wa kitu hicho kubeba mzigo miaka thelathini bila kupinda wala kupasuka. Bei isiyogusa uwezo huo ni bei ya umbo tu.

Ajabu ni kwamba mji huu uliwahi kuijua biashara ya namna hiyo vizuri sana. Katika karne ya 19, wakati Kazeh ya Unyanyembe ilipokuwa njia panda ya misafara, barabara moja ikienda Ujiji na Manyema, nyingine Karagwe na Buganda, bidhaa kuu iliyoshuka pwani ilikuwa pembe za ndovu. Pembe hazikuwa na bei moja. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walizigawa katika pembe laini na pembe ngumu. Zile za upande wetu wa Afrika Mashariki, zilizopitia Unguja, zilihesabiwa laini: nyeupe isiyopenyeza mwanga, zinakubali msumeno, hazipasuki ovyo hali ya hewa ikibadilika. Za Afrika Magharibi zilikuwa ngumu zaidi, zenye kung'aa kama kioo, lakini nyepesi kupata nyufa. Viwanda vya vibonye vya piano katika jimbo la Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, vilipendelea pembe laini, kwa kuwa kibonye ni kipande chembamba kinachokaa ndani ya nyumba yenye jiko kavu wakati wa baridi na unyevu wakati wa kiangazi. Kikipasuka, piano inarudishwa dukani. Kwa hiyo pembe iliyotoka bara ikapata bei nzuri zaidi, na sababu yake ilikuwa jinsi ilivyostahimili kupasuka.

Biashara ile ilikuwa na ukatili wake, na hakuna anayeitamani irudi. Soko la kimataifa la pembe lilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Tunaitaja kwa sababu moja tu. Mnunuzi wa wakati ule alimlipa muuzaji kwa tabia ya kitu kinapobanwa na kukauka. Hali kadhalika masango ya shaba yaliyopanda kutoka pwani yalipendwa kwa kuwa shaba huvutika kuwa waya mwembamba bila kukatika, na mafundi wa bara walijua kuivuta. Na majembe ya chuma yaliyofuliwa Usumbwa na kwingineko Unyamwezi yalikuwa fedha kamili: yalilipa mahari, yalilipa hongo njiani, yaliuzwa hadi Ugogo. Jembe linalokatika likigonga jiwe lisingekubaliwa mara mbili.

Tutazame basi kinachotokea ndani ya nondo inapobeba. Kitu kigumu chochote kikivutwa hurefuka kidogo, na mzigo ukiondolewa hurudi kama kilivyokuwa. Mwingereza Robert Hooke aliliandika jambo hilo mwaka 1678: mzigo ukizidi maradufu, na kurefuka kunazidi maradufu. Ukiendelea kuongeza, unafika mahali ambapo chuma kinakubali kupinda na hakirudi tena. Baada ya hapo bado hakijakatika. Chuma kizuri cha ujenzi huvutika sana kabla ya kukatika, na wakati huo wote kinashikilia mzigo. Hiyo ndiyo thamani yake ya kweli. Zege likibanwa lina nguvu kubwa, lakini likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kubanwa, na likifika mwisho wake hupasuka ghafla. Nondo huwekwa upande ule unaovutwa, yaani chini ya lenta na chini ya jamvi kati ya kuta, ili jengo linapozidiwa lining'inie, lionyeshe nyufa na kumpa mwenye nyumba muda wa kutoka na watoto wake.

Hapa ndipo kipenyo kinapokuwa jambo la shilingi na la roho. Nondo halali ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ina uzito wa kilo 10.7 hivi. Hesabu yake haihitaji shule ya ufundi: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, ugawe kwa 162, na jibu ni kilo kwa kila mita. Ya milimita 10 inakuja kilo 7.4 kwa kipande kizima. Ya milimita 16 karibu kilo 19. Sasa chukua nondo inayoitwa 12 lakini kwa kweli ni 11. Jicho haliioni tofauti ya milimita moja, hasa kwenye chuma chenye migongo. Mzani unaiona mara moja: kilo 9 badala ya 10.7. Asilimia 16 ya chuma haipo. Kwa chuma cha daraja la 500, nondo ya 12 hushikilia kiasi cha tani 5.7 kabla ya kuanza kupinda moja kwa moja; ile ya 11 inashikilia tani 4.8. Karibu tani nzima imepotea katika kila kipande, na mhandisi aliyechora ramani hana habari.

Wauzaji wana jibu, nalo tumelisikia: mteja mwenyewe anataka cha bei nafuu. Sawa. Lakini tupige hesabu ya nafuu hiyo. Nondo nyembamba ikiuzwa kwa punguzo la asilimia 10 huku ikipungukiwa chuma asilimia 16, mteja amelipa zaidi kwa kila kilo, kama asilimia 7 zaidi, kuliko jirani yake aliyenunua ya haki. Amedhani amepunguziwa, kumbe ameongezewa. Mtu asiye na uwezo wa kununua 12 anaweza kununua 10 ya kweli akiijua kuwa ni 10, na fundi akaongeza idadi ya vipande. Maskini haumizwi na udogo wa nondo aliyoijua. Anaumizwa na jina la uongo.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa bara kuliko watu wa Dar es Salaam. Chuma kinachotoka viwandani pwani husafiri zaidi ya kilomita 800 kwa reli au lori kabla ya kufika hapa, na nauli hulipwa kwa uzito. Mwenye kubeba nondo nyembamba anabeba vipande vingi zaidi katika tani zilezile. Kwa maneno mengine, kadiri soko lilivyo mbali na kiwanda, ndivyo faida ya kupunguza milimita inavyonona. Mfanyabiashara mwaminifu wa Tabora anashindana na mwenzake asiye mwaminifu akiwa amebeba mzigo mzito zaidi, kwa maana zote mbili za neno hilo. Soko huria haliwezi kumlinda ikiwa kipimo chenyewe si huria kuonekana.

Aidha, nondo nyingi hufika zimekunjwa katikati ili zitoshee kwenye gari. Pale kwenye kunjo chuma kimekwisha kuvuka mahali pa kurudi. Kikinyooshwa kwa nyundo kinakuwa kigumu zaidi na hakivutiki tena kama mwanzo. Kila mtoto aliyewahi kukata waya kwa kuupinda huku na huku anaijua hali hiyo, hata joto lake amelisikia vidoleni. Fundi mwangalifu huikata nondo kwenye kunjo, au huipeleka sehemu ile mbali na katikati ya lenta. Na nondo inayopata nyufa inapokunjwa kutengeneza ringi irudishwe dukani bila mjadala.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Hatusemi kwamba chanzo kilikuwa nondo. Kila anguko lina sababu zake na wachunguzi wake. Tunasema kwamba Tabora nayo imeanza kwenda juu, ghorofa moja, mbili, tatu, na ujenzi wa reli ya kisasa umeongeza watu wanaotafuta vyumba na fremu za maduka. Nyumba ya zamani ya tembe, kama ile ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, ilikuwa na kuta nene za udongo zinazobanwa tu, bila kuvutwa. Ilijisamehe makosa mengi. Ghorofa haijisamehe.

Tuje kwenye mbao, ambako Tabora haiwezi kumlaumu mtu wa pwani, kwa kuwa misitu ya miombo ni yetu wenyewe. Mbao inayoitwa mbili kwa nne imekuwa jina tu la heshima. Ikitoka msumenoni ikiwa inchi moja na robo tatu kwa tatu na nusu, mnunuzi anaona kapoteza kidogo. Hakupoteza kidogo. Ubao uliosimamishwa kwa ubavu hupata nguvu kwa unene wake mara kimo chake mara kimo tena. Galileo alilieleza jambo hilo mwaka 1638, akionyesha kwa nini rula iliyosimama hubeba kuliko iliyolala. Kwa hesabu hiyo ubao huo mdogo una theluthi mbili tu ya nguvu ya mbili kwa nne kamili. Upande wa kunepa hali ni mbaya zaidi, maana hapo kimo huzidishwa mara tatu: umebaki na asilimia 59. Ndiyo maana mtu anaezeka bati jipya, fundi hajakosea, na baada ya masika mawili paa linaonekana kama mgongo wa punda.

Ubichi ni wizi wa pili, ingawa huu mara nyingi haufanywi kwa nia mbaya. Mti mbichi una maji ndani ya kuta za nyuzi zake, na nyuzi zenye maji hulegea. Mbao zilezile zikikauka vizuri huongeza nguvu ya kubeba kwa karibu nusu tena ya ile ya mwanzo. Anayepandisha kenchi mbichi anaibebesha mzigo ikiwa dhaifu, nayo inakauka ikiwa imenepa, na mnepo huo haurudi. Kiangazi cha hapa ni kikali. Kati ya Mei na Oktoba mbao iliyotupwa juani hukauka miishoni haraka kuliko katikati, ikajivuta na kupasuka. Kupaka miisho rangi ya zamani au nta, kuzipanga na vijiti katikati kivulini, ni kazi isiyo na gharama kubwa. Mninga umepata jina si kwa rangi yake tu. Unapokauka hujikunja kidogo mno ukilinganishwa na miti mingine, na seremala anaweza kuamini kwamba mlango aliouunga Julai utafunga Januari. Mti mwingine wowote uuzwe kwa jina lake, na useme umekaa kivulini miezi mingapi.

Hapa tuongeze jambo moja la bure kwa fundi. Kifundo katika ubao ni mahali ambapo nyuzi zimekatizwa. Kikikaa ukingo wa chini wa ubao unaobeba, kipo pale panapovutwa zaidi, na ndipo utakapokatikia. Ugeuze ubao, kifundo kiwe juu panapobanwa, na umepata nguvu bila kulipa senti.

Kuhusu tofali hatutasema mengi. Tofali hufanya kazi ya kubanwa, na hata la wastani linatosha nyumba ya chini. Tatizo ni lile lisiloiva. Mchomaji anayebana kuni, na kuni zimekuwa ghali kadiri msitu unavyorudi nyuma, hupata tanuri ambalo la katikati limeiva na la pembeni limebaki udongo. Yote huuzwa bei moja. Gonga mawili: yaliyoiva hulia kama chungu, yenye nyufa ndani au udongo mbichi hutoa sauti ya kifuu. Loweka moja usiku kucha. Likimong'onyoka asubuhi, usinunue mengine. Sauti inayokufa si uchawi. Mwaka 1921 mtafiti wa Uingereza A. A. Griffith, aliyefanya kazi katika kituo cha ndege cha Farnborough, alionyesha kwamba kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotarajiwa kwa sababu ya nyufa ndogo zilizomo, na kwamba ufa ukishafika urefu fulani hujilipia wenyewe gharama ya kusonga mbele. Fundi vioo wa sokoni anaitumia hesabu hiyo kila siku: anakwaruza mstari mmoja, anabonyeza, kioo kinafuata mstari. Tofali, zege na vigae ni jamaa ya kioo. Chuma kizuri si jamaa yao, mpaka kichoke.

Naam, chuma huchoka, na wenye baiskeli za mkaa wanajua. Fremu iliyobeba magunia mawili miaka mitatu hukatika siku ilipobeba nusu gunia. Wajerumani walilichunguza jambo hili baada ya ekseli za mabehewa kukatika bila sababu ya kuonekana. August Wöhler aliyachapisha majaribio yake kati ya 1860 na 1870, na kubainisha kwamba mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi huua chuma ambacho mzigo mkubwa wa mara moja haukukiua. Anayenunua fremu iliyotumika aifute vumbi kwenye viungo vya kuchomelea, aangalie mstari wa kutu mwembamba kama unywele. Huo ni ufa.

Sasa swali ni nani afanye nini. Shirika la Viwango lina alama yake na Wakala wa Vipimo wana kazi yao, na hatuoni haja ya kuwaandikia hotuba. Tunaona mfano ulio karibu zaidi. Mkoa huu unauza tumbaku. Mkulima wa Urambo, Sikonge au Kaliua akileta robota sokoni, linapimwa kwa kilo na kupangiwa daraja, na bei inafuata daraja na uzito huo. Mkulima aliyeambiwa robota lake litauzwa kwa kukadiriwa urefu angepiga kelele hadi chama cha msingi kivunjike mlango. Mtu huyohuyo, akiwa na fedha za tumbaku mkononi, anakwenda dukani kununua nondo arobaini kwa kuhesabu kichwa, na mbao sitini kwa jina.

Kwa hiyo tunapendekeza wauzaji wa vifaa hapa mjini wauze nondo kwa kilo, kwa mzani ulio mbele ya mteja, wakiandika kipenyo na daraja la chuma kwenye risiti. Mwenye mzigo wa haki hapotezi chochote. Anapata silaha dhidi ya jirani anayemharibia soko. Mbao ziandikwe kipimo kilichopimwa kwa tepu siku ya kuuza, jina la mti, na kama ni mbichi au kavu. Bei ya kavu iwe juu, na iwe juu kweli, maana aliyehifadhi mbao miezi sita amefunga mtaji wake na amebeba hasara ya zilizopasuka. Tofali la katikati ya tanuri lisiuzwe sawa na la pembeni.

Na kurasa za soko zianze na upande wao. Nondo zitajwe bei ya kilo kando ya bei ya kipande, na pasipo na mzani paandikwe hivyo wazi. Mbao zitajwe kavu na mbichi katika mistari miwili. Muuzaji ambaye duka lake halina mzani wa kupimia chuma anaweza kuazima ule wa kupimia karanga. Kipande kikikatwa mita moja kwa ajili ya sampuli, 12 ya kweli itaonyesha gramu 889 au karibu na hapo.